Picha Kwenye Kitambaa: Kwa Nini Nyingine Hudumu na Nyingine Huishia Kwenye Beseni

Mtu akitaka kuchapa picha kwenye kitambaa nyumbani, kitu cha kwanza anachoulizia ni printa. Mmoja atamwambia anunue ya matangi. Mwingine atamwambia printa yoyote inafaa, mradi apate karatasi za transfa. Wa tatu atamtumia video ya mtu anayepitisha kipande cha pamba kwenye printa ya kawaida ya ofisini: kitambaa kinaingia cheupe, kinatoka na picha ya mtoto anacheka, na video inaishia hapo hapo. Kufua hakuonyeshwi. Ushauri wote huo unaweza kuwa wa kweli na bado ukakuachia beseni la maji ya zambarau, kwa kuwa kila mshauri ana kitambaa chake na wino wake kichwani, na hakuna aliyeuliza vya kwako.

Karatasi haifuliwi. Wino wa printa ulitengenezwa ukauke juu ya karatasi ukae hapo, basi. Kitambaa kina mitihani mingine: maji, sabuni, kusuguliwa, pasi, jua la kwenye kamba. Kwa hiyo mbinu yoyote unayoletewa, iulize swali moja tu: ni kitu gani kitaushikilia wino huu usitoke?

Majibu ni machache. Ama rangi inaingia ndani ya uzi na kufungiwa humo, kama inavyofanya sablimesheni, yaani wino unaogeuka mvuke kwa joto, kwenye poliesta. Ama chembe za rangi zinabaki juu ya uzi zikiwa zimegandishwa na utomvu, kama wino wa pigmenti na rangi za skrini, zinazosukumwa kupita kwenye wavu. Ama plastiki nyembamba yenye picha inabandikwa juu ya kitambaa, na hapo ndipo zilipo karatasi za transfa, DTF (picha inayochapwa kwanza kwenye filamu) na tona (unga wa mashine za kopi na printa za leza). Ama rangi inaungana kikemia na uzi wa pamba wenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo njia ya viwanda vingi: rangi pamoja na magadi, mvuke, kisha kuosha mpaka kilichobaki kitoke. Ndiyo maana kanga nzuri hufuliwa miaka na maandishi yake yanasomeka (zile zinazotoa rangi kila wiki sote tunazijua). Kwa printa ya mezani njia hiyo huifikii. Na ukiona mbinu haina hata jibu moja kati ya hayo, picha hiyo imekaa tu juu ya kitambaa ikisubiri maji.

Anza na kitambaa

Dukani neno "pamba" hutolewa kwa ukarimu sana. Muuzaji akikuambia ni pamba tupu, mshukuru, kisha nenda kapime. Chomoa nyuzi chache pembeni mwa kitambaa, zishike kwa koleo juu ya beseni la maji, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na huacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, halafu huganda kuwa kishanga kigumu. Usikiguse kabla hakijapoa, kinaunguza vibaya. Mchanganyiko, kama tetroni ya mashati ya shule ambayo mara nyingi ni poliesta asilimia 65 na pamba 35, huwaka na kuacha vishanga vidogo ndani ya majivu.

Kipimo hicho cha dakika moja ndicho kinachoamua karibu kila kitu kinachofuata. Pamba ikikupa majivu, sahau sablimesheni. Poliesta ikikupa kishanga, wino wa kawaida wa printa hautakuwa na pa kushika.

Kwa picha ndogo zenye nyuso za watu, tafuta pamba iliyofumwa kwa karibu: popilini nyeupe, au bafta iliyo nzito kidogo. Kitambaa chenye nyuzi nene na nafasi katikati hula picha. Jicho la mtu kwenye picha ya sentimita kumi ni kitu kidogo sana, na likiangukia kwenye tundu la ufumaji limepotea.

Kitambaa kipya pia huja na wanga wa kiwandani, ule unaofanya kanga mpya isimame yenyewe. Wanga huo huzuia wino usiufikie uzi, na siku ya kwanza ya kufua unatoka pamoja na picha yako. Fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza vizuri, anika, piga pasi. Halafu dondosha tone la maji juu yake. Likizama mara moja, kitambaa kiko tayari. Likisimama kama umande kwenye jani la mgomba, rudia kufua.

Jambo jingine linalosahaulika: printa ya nyumbani haina wino mweupe. Popote picha ilipo nyeupe, printa haiweki kitu, inaacha rangi ya chini ionekane. Wino wenyewe unapitisha mwanga. Ukichapa uso wa bibi kwenye kitambaa cha bluu, meno yake yatakuwa ya bluu na ngozi itachukua rangi isiyo na jina. Kwa kuchapa moja kwa moja, kitambaa ni cheupe au krimu iliyofifia sana.

Wino wa aina mbili ndani ya printa moja

Printa za wino zina familia mbili za wino. Ya kwanza ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, kama chai ilivyoyeyuka kwenye kikombe, na kitu kilichoyeyuka kwenye maji hakioni shida kurudi kwenye maji. Ya pili ni pigmenti: chembe ndogo mno za rangi zinazoelea ndani ya kimiminika, mara nyingi zikiwa zimefunikwa utomvu unaozigandisha zinapokauka. Epson wana wino wa pigmenti wanaouita DURABrite, na ndio watu wa ufundi wa vitambaa wanaoutafuta. Lakini usidhani kila printa ya Epson inautumia. Nyingi za matangi za bei nafuu huja na wino wa kuyeyuka. Soma chupa, soma kijitabu, na kama havisemi, pima mwenyewe.

Kupima ni hivi. Chapa viraka vya rangi nne, nyeusi, bluu, nyekundu na njano, kwenye karatasi ya kawaida. Iache ikauke mpaka kesho. Weka tone la maji juu ya kila rangi, subiri dakika moja, pitisha kidole. Wino wa kuyeyuka utatambaa na kuchafua karatasi. Pigmenti itabaki ilipo, labda iache kivuli kidogo.

Usishangae nyeusi ikifaulu na rangi nyingine zikafeli. Printa nyingi za nyumbani, zikiwemo nyingi za HP, huweka pigmenti kwenye nyeusi peke yake ili maandishi yasichafuke, na rangi tatu zilizobaki ni za kuyeyuka. Matokeo yake kwenye kitambaa ni ya ajabu: unafua, maandishi "Heri ya Kuzaliwa" yanabaki meusi tii, na mtoto aliyekuwa chini yake ametoweka.

Hapa ndipo ushauri wa siki na chumvi unapoingia. Loweka kitambaa kwenye siki na chumvi, wanasema, rangi itashika. Ushauri huu una asili yake. Siki, kwa kuwa ni asidi, husaidia baadhi ya rangi kushika kwenye sufu na hariri. Chumvi husaidia kuisukuma rangi kutoka majini kwenda kwenye pamba wakati wa kutia rangi kwenye sufuria. Lakini wala moja haifungi wino wa printa kwenye pamba. Ukiona picha imebaki baada ya siki, ingebaki hata bila siki. Magadi ya mafundi wa batiki nayo hufanya kazi kwa rangi zilizoundwa kukutana nayo, na wino wa printa si mojawapo.

Kinachosaidia wino wa kuyeyuka ni kuandaa kitambaa kabla ya kuchapa. Rangi nyingi za wino huo zina chaji hasi, kwa hiyo dawa za kuandalia hutia kwenye pamba kitu chenye chaji chanya cha kuzikamata. Zipo za kununua zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na wapo wanaojitengenezea kwa shabu na dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa vilainishi vingi vina chaji chanya. Unaloweka, unakausha bila kusuuza, ndipo unachapa. Inasaidia, na tofauti inaonekana kwa macho. Haifanyi picha ivumilie kufuliwa kila Jumamosi. Kwa picha ya ukutani au kitambaa cha mezani kinachofuliwa mara chache, inatosha. Kwa nguo ya mtoto, hapana.

Kupitisha pamba kwenye printa

Printa inajua kuvuta karatasi. Kitambaa ni laini, kinakunjika, na uzi mmoja uliochomoza unaweza kugusa kichwa cha printa na kuburuta mstari mweusi kutoka juu mpaka chini. Kwa hiyo kitambaa hupewa mgongo wa muda. Vitabu vya Marekani huagiza karatasi ya friza, yenye plastiki upande mmoja, inayoshika kitambaa ikipigwa pasi. Kwetu ni adimu, na karatasi ya kuokea keki haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa silikoni yake imewekwa makusudi isishike kitu chochote.

Kinachopatikana kila steshenari ni karatasi ya stika ya A4, ile isiyokatwa vipande. Menya ile karatasi ya nyuma, weka upande wa gundi ukitazama juu, kisha laza juu yake kitambaa kilichopigwa pasi, ukianza ukingo mmoja na kukisukuma kwa kiganja kuelekea mwingine. Nyuzi za kitambaa ziwe sambamba na ukingo wa karatasi. Ukikivuta kimshazari kinatanuka, na ukikibandua baadaye kinarudi, uso uliokuwa mviringo unakuwa yai. Geuza, kata kitambaa sawasawa na stika kwa mkasi mkali au kisu na rula. Nyuzi zote zilizochomoza kwenye kingo zikatwe. Pitisha selotepu juu kuondoa vumbi na vinyweleo, maana kila kinywele kilicholala pale kitachapwa badala ya kitambaa, na kikianguka kinaacha doa jeupe.

Ukingo utakaoingia kwanza kwenye printa ndio wa kuangaliwa zaidi. Ukiinuka hata kidogo, printa itakwama. Wengine huuzungushia selotepu nyembamba kutoka mbele kwenda nyuma, na ni wazo zuri. Ingiza karatasi moja moja. Kama printa ina njia ya kuingizia kwa nyuma, tumia hiyo, kwa sababu njia ya mbele hukunja karatasi nusu duara na kitambaa kinaweza kubanduka kwenye kona. Kwenye mipangilio chagua karatasi isiyong'aa na ubora wa juu. Ukichagua karatasi ya picha inayong'aa, printa humwaga wino mwingi na kingo za picha husambaa.

Haya yote ni kwa printa ya wino tu. Usiipeleke stika yenye kitambaa kwenye printa ya leza. Ndani yake kuna rola inayofikia joto la nyuzi 200 hivi, na gundi au plastiki ikiyeyukia mle, utalipa bei inayokaribia printa mpya.

Kitambaa kikitoka, subiri kikauke, kibandue taratibu kabla gundi haijazoea. Stika ile ile inaweza kutumika tena mara mbili au tatu. Kwa wino wa pigmenti, acha picha siku nzima, kisha piga pasi kavu, bila mvuke, ukiweka kitambaa safi katikati, ukihamisha pasi badala ya kuikaza mahali pamoja. Baada ya hapo suuza kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, kitambaa kikiwa kimelala bapa, bila kukamua. Maji ya kwanza yanaweza kuwa na rangi kidogo. Rangi ikiendelea kutoka kwenye maji ya tatu, rudi ukasome upya habari za wino wako.

A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, na wengi hukata tamaa hapo kwa kuwa mto wa kochi una sentimita 40 kwa 40. Cherehani iko kwa kazi hiyo. Chapa picha yenye sentimita 18 kwa 18, ikate ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, halafu izungushie fremu ya kitenge: vipande vya upana wa sentimita 13, ambavyo vikishonwa pande zote mbili vinaonekana 11. Kumi na nane na kumi na moja mara mbili ni arobaini. Kitenge kifuliwe kwanza, na zaidi ya mara moja kama ni chekundu au bluu ya kukolea, vinginevyo ndicho kitakachoitia picha rangi.

Karatasi za transfa, na jina linalosomeka kinyume

Karatasi ya transfa hubeba utando mwembamba wa plastiki. Unachapa juu ya utando, unaubandika kwenye nguo kwa joto, karatasi inabaki mkononi. Kwa kuwa plastiki ndiyo inayoshika, pamba na tetroni zote hukubali.

Kinachowachanganya watu ni kugeuza picha. Kanuni yake ni nyepesi ukiitazama kwa mikono: kama upande uliochapwa utalala ukitazama kitambaa, picha lazima igeuzwe kama kwenye kioo kabla ya kuchapa. Karatasi ya nguo nyeupe iko hivyo. Karatasi ya nguo nyeusi ni kitu tofauti: utando wake ni mweupe na mzito, unamenywa kutoka kwenye karatasi na kuwekwa juu ya nguo ukikutazama wewe, kwa hiyo picha haigeuzwi. Anayetumia karatasi ya pili kwa maelekezo ya ya kwanza hupata fulana za timu nzima zenye majina ya kusomea kwenye kioo cha gari.

Karatasi ya printa ya wino na ya printa ya leza pia ni mbili tofauti, na ile ya wino ikiingizwa kwenye leza huyeyuka ndani, habari ile ile ya rola ya moto.

Pasi ya nyumbani inaweza kubandika transfa ndogo, kama nembo ya mfukoni, ukiondoa maji yote na kuipasha vizuri. Fanyia juu ya meza ngumu yenye shuka moja. Blanketi lililokunjwa au ubao wenye sponji hunyonya mgandamizo, na mgandamizo ndio nusu ya kazi. Matundu ya mvuke huacha vidoa visivyoshika, kwa hiyo sogeza pasi. Pasi ya mkaa hujui iko nyuzi ngapi, basi huo ni ubahatishaji. Kwa picha kubwa ya kifuani peleka kwa mwenye mashine ya kubandikia. Kariakoo au River Road wapo wengi.

Mimi binafsi transfa siipendi kwa kazi za kushona. Picha inakuwa kama stika ya plastiki, sindano ikipita inaacha tundu linaloonekana, na baada ya muda inapasuka kama udongo wa kiangazi. Pasi ikiigusa bila kitambaa katikati, imekwisha. Kwa fulana ya sherehe ya siku moja, haina ubaya.

Sablimesheni: nzuri mno, kwa poliesta tu

Wino wa sablimesheni una rangi ambayo ikipata joto la nyuzi 190 hadi 200 kwa sekunde 45 hadi 60 haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja. Kwenye joto hilo poliesta nayo imelegea, mvuke unapenya ndani ya uzi, kitambaa kinapoa, uzi unajifunga, rangi imebaki ndani. Ndiyo maana jezi za mpira zina picha usizoweza kuzihisi kwa kidole. Hakuna kilichobandikwa cha kubanduka.

Pamba haina tabia hiyo. Rangi ikipewa pamba huonekana imefifia siku ya kwanza, na sehemu kubwa huondoka na maji. Tetroni hupokea kwa kadiri ya poliesta iliyomo, picha inatoka kama ya zamani. Wapo wanaouza dawa ya kupulizia ili pamba ikubali. Dawa hiyo ni plastiki ya kupulizia, ndiyo inayopokea rangi, kwa hiyo umerudi kwenye familia ya transfa kwa mlango wa nyuma. Na kitambaa cheusi hakiwezekani kabisa, kwa sababu rangi hizi nazo hupitisha mwanga.

Kwa printa, mafundi huchukua Epson mpya ya matangi isiyowahi kutiwa wino wa kawaida, wakaijaza wa sablimesheni. Sababu ni kichwa chake: husukuma wino kwa kijiwe kinachotikiswa na umeme, wakati HP na Canon nyingi za nyumbani husukuma kwa kuuchemsha wino papo hapo, na wino unaofanya kazi kwa joto hautakiwi kupata joto mapema. Ukishaijaza sablimesheni, printa hiyo ni ya sablimesheni tu. Picha ikitoka kwenye karatasi itaonekana imepauka, usiongeze rangi kwa hofu. Ikibanwa inaamka.

Pasi hapa haitoshi. Inahitajika mashine inayobana kwa usawa na kushikilia joto. Fungua madirisha pia.

Njia za mtu asiye na printa

Ukiwa huna mashine yoyote, kopi za steshenari ni hazina. Mashine nyingi za kopi hutumia tona, ambayo ni unga wa plastiki, na plastiki haitoki kwa maji. Omba picha igeuzwe kama kwenye kioo, ichapwe kwa tona, si kwa wino. Paka akriliki angavu, ile wasanii wanayoitumia kama gundi, juu ya picha, ilaze kifudifudi kwenye pamba, kandamiza kuondoa mapovu, acha ikauke usiku kucha. Asubuhi lowesha karatasi na uisugue kwa kidole mpaka ivurugike itoke. Picha inabaki ndani ya akriliki, na mikwaruzo midogo hapa na pale. Kwenye mfuko wa amerikani inapendeza kuliko picha safi. Gundi nyeupe ya shule haifai, hulainika ikipata maji. Wengine hutumia thina au asetoni kuhamisha tona. Inawezekana, lakini mvuke wake ni mkali na unashika moto haraka, na jikoni si mahali pake.

DTF ndiyo inayotawala maduka ya fulana siku hizi. Picha huchapwa kwenye filamu, wino mweupe ukiwekwa juu ya rangi, kisha unga wa gundi hunyunyizwa na kuyeyushwa. Inashika pamba, poliesta, nyeusi, nyekundu, vyote. Kununua mashine kwa matumizi ya nyumbani sikushauri: wino mweupe una unga mzito unaotuama, na mashine ikikaa siku kadhaa bila kazi huziba. Lakini filamu inauzwa ikiwa imeshachapwa. Jaza picha zako nyingi kwenye eneo moja, ziagize, kata moja moja, bandika unapozihitaji.

Kuna pia njia ya jua. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel aligundua kwamba chumvi mbili za chuma zikichanganywa na kupakwa, kisha zikapigwa jua, hutoa bluu isiyoyeyuka majini. Unapaka pamba gizani, unaweka juu yake jani au picha iliyogeuzwa vivuli, nyeupe ikawa nyeusi, na kuchapwa kwenye plastiki angavu, unatoa juani dakika kadhaa, unaosha kwa maji. Jua letu la saa sita linafaa mno kwa kazi hii. Bluu hiyo ina adui mmoja anayepatikana kila nyumba: magadi na sabuni kali huigeuza manjano.

Na ukihitaji mifuko hamsini ya picha moja, acha yote haya, nenda kwa fundi wa skrini. Rangi zake ni pigmenti na utomvu unaokazwa kwa joto, na gharama ya kutengeneza skrini ikigawanywa kwa hamsini haionekani.

Faili, kufua, na lebo

Picha iliyopita WhatsApp imeshabanwa. Mwombe mwenye nayo aitume kama dokumenti. Kwenye kitambaa hatuhitaji ukali wa karatasi, pikseli 150 hadi 200 kwa inchi zinatosha, kwa kuwa ufumaji wenyewe hauonyeshi zaidi ya hapo. Picha yenye pikseli 1600 upande mrefu inatosha sentimita 20. Ongeza kidogo ukolevu na tofauti ya mwanga na kivuli, maana pamba hupooza rangi. Nembo za klabu na sura za wasanii zina wenyewe, na kwa mto wa sebuleni kwako sawa, kuuza ni jambo jingine.

Mteja akiuliza, "Fundi, haitoki hii?", mjibu kwa kipande. Kila kazi mpya chapa ukanda wa majaribio, ukate katikati, fua nusu mara tano jinsi yeye atakavyofua, linganisha na nusu iliyobaki. Halafu mwambie: maji baridi, ndani nje, bila jiki, kivulini.

Kwa mafundi cherehani faida ya haraka kuliko zote ni lebo. Jina la fundi na namba ya ukubwa vinaingia mara nyingi kwenye A4 moja. Kwa pamba, chapa kwa nyeusi ya pigmenti, ambayo kama tulivyoona huenda tayari unayo ndani ya printa yako. Kata, kunja kingo, shona kwenye kola. Kama unabandikiwa kwa sablimesheni, tumia utepe mweupe wa satini, lakini uchome uzi mmoja kwanza uone kishanga, kwa kuwa tepe za satini nazo huuzwa za aina zaidi ya moja kwenye kikapu kimoja.